Mtoto baada ya janga: cha kufanya miezi na miaka inayofuata, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila siku jamani, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja. "Mwanangu ana miaka minane kaanza kukojoa kitandani tena." "Toka mafuriko yapite hataki niende hata chooni bila yeye." "Mwaka umeisha, nikajua kashasahau, juzi mvua imepiga kidogo tu kajificha chini ya meza anatetemeka." "Mdogo wake kafa, nimwambie sasa hivi au nisubiri akue?" Kama umo humo, soma mpaka chini, ni ndefu kidogo.

Kitu kimoja kwanza afu tuanze. Wiki za mwanzo watu wamejaa, misaada inakuja, kila mtu anauliza watoto wanaendeleaje. Baada ya hapo wote wanaondoka, na mara nyingi ndo hapo shida ya mtoto inaanza kuonekana, wakati hamna tena anayeuliza. Watoto wengi wanarudi sawa wenyewe wakiwa na mtu mzima wa kueleweka karibu yao, hilo likutie moyo. Ila wapo wanaobaki nayo muda mrefu sana. Mwaka 1966 huko Aberfan, Wales, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomokea shule, wakafa watoto 116 na watu wazima 28. Watafiti walikuja kuwahoji waliopona wakati walishakuwa watu wazima, miaka 33 imepita, na karibu 3 kati ya 10 walikuwa bado na ugonjwa wa msongo unaotokana na kiwewe, yaani kidonda cha akili kinachobaki baada ya tukio la kutisha (PTSD). Soma hiyo namba pande zote mbili: wengi hawakuwa nao, na waliokuwa nao walikuwa bado nao baada ya miaka yote hiyo. Mwongozo huu ni wa kusaidia hao wengi warudi haraka na kuwagundua hao wachache mapema.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mtu mzima mmoja wa kudumu. Mama, baba, bibi, shangazi, kaka mkubwa, yeyote, muhimu mtoto ajue huyu ndo wangu na kesho yupo.
- Hali yako wewe mwenyewe. Mtoto anasoma uso wako kabla ya maneno yako, kwa hiyo kama hulali na unalia kila siku, tafuta wa kukusikiliza na wewe. Hii isomeke kama kifaa cha kazi, maana wazazi wengi wanairuka.
- Daftari na kalamu. Utaona kazi yake hatua ya 8.
- Karatasi, rangi, udongo, maboksi matupu, vikaragosi, chochote cha kuchezea.
- Mwalimu mmoja shuleni unayeweza kuongea naye.
- Namba ya kituo cha afya, ofisi ya ustawi wa jamii au kaunsela. Itafute leo ukiwa umetulia, usisubiri usiku wa balaa.
- Muda. Jipange kwa mwaka na zaidi.

Hatua ya 1: Msiachane

Maji, chakula, pa kulala, matibabu, hivyo unavijua na vinatangulia, sikai hapo. Ninachotaka kusema ni hili la kumpeleka mtoto kwa ndugu wa mbali "akapumzike kwanza". Najua nia ni nzuri. Ila kama unaweza kabisa kukaa naye, kaa naye, hata kama mmebanana chumba kimoja. Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham, waliokuwa wanalea watoto London kipindi cha vita kuu ya pili, waliona kwamba watoto wadogo waliumizwa zaidi na kutengwa na wazazi kuliko na mabomu yenyewe. Na ndugu wa tumbo moja msiwagawe, huyu kwa mjomba yule kwa mama mdogo, hata kama inaonekana ndo njia rahisi.

Ikibidi kabisa aende, mwambie anaenda kwa nani, kwa nini, na lini mtaongea, na hiyo siku mliyoahidiana usiikose.

Hatua ya 2: Rudisha ratiba, hata ya kuungaunga

Chagua vitu vitatu tu: kuamka, kula, kulala. Vifanyike saa ile ile na kwa mpangilio ule ule kila siku, hata kama mnaishi kwenye hema. Mtoto aliyepitia janga kichwa chake kinauliza muda wote "nini kitatokea sasa?", na ratiba inamjibu bila wewe kusema neno.

Nguvu kubwa weka usiku, maana usiku ndo mgumu. Zima simu na tivii mapema, mnawe, hadithi au kuimba kidogo, mwambie kesho asubuhi kutakuwa na nini, mwambie wewe utakuwa wapi wakati yeye amelala ("nipo hapo nje ya mlango, nikienda kulala nitapita kukuona"), afu upite kweli. Mwanga mdogo uachwe ukiwaka kama unasaidia. Akitaka kulala na wewe kwa muda, mruhusu, haumharibu, afu mkishatulia anza kumsogeza pole pole: godoro lake pembeni yako, baadae karibu na mlango, baadae chumbani kwake.

Nidhamu nayo irudi. Wazazi wengi wanaacha sheria zote kwa huruma, mtoto anapiga wenzake anaambiwa "mwacheni, kapitia mengi". Hapana. Sheria zile zile za zamani, chache na zinazoeleweka, bila kiboko na bila kufoka.

Hatua ya 3: Mwambie ukweli wa kiasi chake

Kama kuna mtu kafa, sema amekufa. Usiseme kalala, usiseme kasafiri. Ukimwambia kalala, mtoto wa miaka minne ataogopa kulala au atakuwa anakwenda kumwamsha, ukimwambia kasafiri atakaa anasubiri na siku akijua atakuona muongo, na utakuwa umepoteza kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo kwake kipindi hiki.

Maneno yanaweza kuwa hivi: "Nina habari ya kusikitisha sana. Maji yalimchukua mdogo wako, na amekufa. Kufa maana yake mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hasikii baridi, na hawezi kurudi. Nina huzuni sana. Wewe ukilia ni sawa, usipolia pia ni sawa." Afu nyamaza, kaa naye.

Watoto chini ya miaka mitano sita hivi wengi hawajaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, kwa hiyo atalia dakika tano, ataenda kucheza, kesho kutwa atakuuliza "anarudi lini?". Hakuchezei akili. Jibu tena, maneno yale yale, mara zote atakazouliza.

Na kuna hili usisubiri alitaje: hatia. Watoto wadogo wanaamini mawazo yao yana nguvu, akikumbuka alimwambia ndugu yake "sikupendi" asubuhi ile basi kashahitimisha yeye ndo kasababisha. Mwambie wazi hata kama hajauliza: "Hamna kitu ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza kilichosababisha haya."

Usiahidi usichoweza. "Haitatokea tena" hujui. Sema "tumejipanga hivi na hivi, na mimi niko na wewe".

Hatua ya 4: Mwache aongee, usimchimbe

Hapa ndo makosa mengi yapo. Kuna wanaokataza kabisa kuongelea ("tusimkumbushe"), kuna wanaomkalisha mtoto wamsimulishe tukio lote mwanzo mwisho eti atoe sumu. Zote mbili acha. Na akija mtu wa msaada anataka kukusanya watoto kikao kimoja kila mmoja asimulie alichoona, kataa kwa adabu, Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri utaratibu huo kwa watu waliotoka kwenye tukio.

Kinachofanya kazi ni kuwa karibu mkiwa mnafanya kitu kingine, mnafua, mnatembea, mnachora. Watoto wanaongea pembeni pembeni, mara chache wanaongea uso kwa uso. Akitoa sentensi moja, ishike na umrudishie: akisema "ukuta ulianguka", wewe sema "ukuta ulianguka, ee", afu subiri. Usirukie "usijali, yameisha hayo".

Wadogo wanaongea kwa mchezo. Utamkuta amepanga maboksi, amemweka kikaragosi juu, anabomoa yote kwa kelele, anapanga tena, anabomoa tena. Wazazi wanashtuka wanasema acha mchezo mbaya. Usimkataze. Kaa chini pembeni yake, usishike vitu vyake, sema tu unachokiona: "nyumba imeanguka, huyu yuko chini." Baada ya siku kadhaa angalia mchezo unaenda wapi. Ukianza kubadilika, mtu anaokolewa, gari la wagonjwa linakuja, nyumba inajengwa upya, hapo mambo yanasogea. Ukibaki vile vile wiki kwa wiki, uso umekaza, hamna furaha yoyote na akimaliza ana hofu kuliko alivyoanza, huo umekwama. Lenore Terr, daktari wa akili wa watoto, aliuelezea mchezo wa namna hii alipofuatilia watoto wa Chowchilla, California, waliotekwa kwenye basi la shule mwaka 1976. Ukiona umekwama, uliza taratibu "huyu wa chini anahitaji nini? nani anaweza kumsaidia?" na umpe kikaragosi kimoja cha kuokoa. Usipofunguka, andika kwenye daftari, tutalitumia.

Hatua ya 5: Zima picha

Video za tukio kwenye simu na tivii, zima. Mtoto mdogo akiona jengo linaanguka mara ishirini, kwake yeye yameanguka majengo ishirini, hajui ni marudio. Mkubwa mwenye simu yake hutaweza kumzuia kila kitu, bora uangalie naye na umuulize kaona nini, kuna uongo mwingi unasambaa humo na ndo unaomkosesha usingizi. Na mazungumzo ya watu wazima usiku mkidhani kalala, punguzeni sauti, hajalala.

Hatua ya 6: Mfundishe mwili kutulia

Fundisha akiwa ametulia, usisubiri apaniki. Mlaze chali, muwekee mdoli au kitu chepesi tumboni. Mwambie avute hewa kwa pua mpaka mdoli unyanyuke, wewe unahesabu moja mbili tatu, afu atoe kwa mdomo pole pole kama anapoza kitu cha moto, hesabu mpaka tano. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hiyo ndo siri yake. Dakika tatu kila siku kabla ya kulala zinatosha.

Akishtuka ghafla, ngurumo imepiga au gari zito limetikisa nyumba, mrudishe kwenye sasa: ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyovisikia au kuvigusa, akanyage chini kwa nguvu. Sauti yako iwe chini. Usimwambie "acha uoga, mkubwa mzima".

Hatua ya 7: Shule na marafiki, hii ndo ya miaka

Arudi shule mapema iwezekanavyo, hata kama ni chini ya turubai na hamna vitabu. Masomo yatashuka, tegemea hivyo, usingizi mbovu na mawazo vinakula umakini. Ongea na mwalimu vitu vitatu tu: nini kimetokea (kwa kifupi), vitu gani vinamshtua (kengele kali, mlango kubamizwa, mada ya matetemeko kwenye somo), na akizidiwa atoke vipi bila kuaibika. Mnaweza kukubaliana kikadi kidogo, akikiweka mezani mwalimu anajua, anamruhusu aende nje dakika tano.

Upande wa marafiki watu wanausahau kabisa. Mtoto anaweza kuwa amepoteza darasa zima, wengine wamekufa, wengine wamehama, na shule mpya yeye ni "yule wa mafuriko". Usimwachie ajitafutie. Alika mtoto mmoja, mara moja kwa wiki, yule yule. Mmoja anatosha, rafiki mmoja wa kweli ana kazi kubwa kuliko kundi. Marafiki wa zamani waliohama tafuta namba zao waongee. Timu, kwaya, kikundi chochote chenye siku maalum ya kukutana kinafaa, na muulize mwenyewe anataka kuisimulia vipi hadithi yake: watu wakiuliza atajibu nini? Mfanyieni mazoezi sentensi moja ("tulihama baada ya mafuriko, sipendi kuongelea sana, wewe unakaa wapi?").

Kwa vijana balehe angalia kitu tofauti. Wao mara nyingi wanakuwa watu wazima ghafla, analea wadogo, anakufariji wewe, kila mtu anamsifu. Msifu na wewe, afu mpunguzie. Kazi yenye mwanzo na mwisho inamjenga, kuwa mama au baba wa nyumba inammaliza. Wengine wanaangukia kwenye pombe, mapenzi ya hatari, kukimbiza pikipiki. Huko usisome kama ukorofi tu.

Hatua ya 8: Daftari

Mara moja kwa wiki, mistari minne: usingizi, kula, shule, wenzake. Ongeza chochote kipya. Kwa nini? Maana unayekaa naye kila siku huoni mabadiliko, na ukienda kwa mtaalamu utaulizwa "lini ilianza" utabaki unakuna kichwa.

Wiki nne za kwanza, ndoto mbaya, kushtuka, kung'ang'ania, kurudia utoto, kuumwa tumbo au kichwa bila ugonjwa, ni kawaida, endelea na hatua za juu. Zikipita wiki nne na haipungui, au inaongezeka, au inamzuia kusoma, kula, kucheza, nenda kwa mtaalamu. Usisubiri hata siku moja kama anaongelea kutaka kufa au kumfuata marehemu, anajidhuru, anaona au kusikia visivyokuwepo, au kuna dalili kuna mtu anamnyanyasa kimwili au kingono, maana baada ya majanga hilo linaongezeka na makambi yana watu wa kila aina.

Tiba yenye ushahidi mzuri kwa watoto ni ya mazungumzo inayolenga kiwewe, ya utambuzi na tabia (mtoto anasaidiwa kubadili anavyowaza na anavyofanya kuhusu tukio), inachukua miezi michache na mzazi anashirikishwa. Dawa za kutuliza kama diazepam usimpe mtoto kwa kujiamulia wala kwa ushauri wa jirani, Shirika la Afya Duniani halishauri kundi hilo la dawa kwa watoto wenye msongo baada ya tukio.

Hatua ya 9: Kalenda

Weka alama: tarehe ya tukio, siku ya kuzaliwa ya aliyekufa, msimu wa mvua kama ilikuwa mvua, siku ya kufungua shule. Wiki mbili kabla ya hapo tegemea usingizi kuharibika. Mwambie mapema, "tarehe ile inakaribia, watu wengi wanajisikia vibaya, ungependa tufanye nini?", achague mwenyewe, kuchora, kupanda mti, kwenda kaburini, au asifanye chochote.

Kabla ya msimu wa hatari mfanyieni mazoezi ya kujiokoa na yeye apewe kazi yake halisi, mfano yeye ndo mwenye tochi na anajua begi la dharura liko wapi. Anayejua afanye nini anaogopa kidogo.

Ikikwama

*Anakojoa kitandani.* Mpeleke akapimwe kwanza, inaweza kuwa maambukizi. Kama siyo, usimpige, usimwaibishe, usimwanikie godoro mbele za watu. Adhabu inaongeza tatizo. Apunguze kunywa karibu na kulala, aende chooni kabla, na usiku uliokauka umsifu kimya kimya.

*Haniachi hata dakika.* Fanyeni mazoezi: toka dakika mbili, rudi muda ule ule uliosema. Kesho tano. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni, ukitoroka mara moja unaanza upya kabisa.

*Yuko kimya, mtiifu, hasumbui.* Huyu ndo anayesahaulika. Angalia anacheza? anacheka? ana rafiki? Kama majibu ni hapana kwa zaidi ya mwezi, mtendee kama mwenye dalili.

*Kijana anasema "niko poa" basi.* Usimbane. Mtafutie mtu mzima mwingine anayemkubali, kocha, mjomba, mwalimu, na uendelee kumpa lifti na kazi za kufanya pamoja, maneno yatakuja njiani.

*Mmoja kapona, mwenzake bado.* Walikuwa sehemu tofauti, waliona vitu tofauti. Usiwalinganishe, hasa wakisikia.

*Alikuwa sawa, mwaka wa tatu karudi nyuma.* Mara nyingi amekua tu, akili yake sasa inaelewa kitu ambacho akiwa na miaka mitano hakukielewa, kwa mfano kwamba hata mama naye angeweza kufa. Anauliza upya kwa akili mpya. Rudi hatua ya 3, mpe majibu marefu kidogo ya umri wake, na daftari lifunguliwe tena.

*Mimi ndo siwezi, nikimwona nalia.* Kulia mbele yake siyo kosa, mwambie "nalia kwa sababu namkumbuka, hujanikosea, na nitakupikia kama kawaida". Ila ukishindwa kuamka, kula au kumhudumia kwa siku kadhaa mfululizo, ile namba uliyoitafuta mwanzoni piga kwa ajili yako, na mtu mwingine ashike ratiba ya mtoto mpaka urudi.